Hewa ya jirani wa uwanja wa ndege

Mhariri,

Kila msimu wa watalii tunahesabu wageni na fedha, lakini moshi wa ndege zinazotua Uwanja wa Abeid Amani Karume hatuuzungumzi. Sisi wa Kiembesamaki upepo ukigeuka tunaisikia harufu yake mpaka chumbani, kama mafuta ya taa yaliyomwagika. Na kweli, mafuta ya ndege za jeti ni jamii moja na mafuta ya taa.

Nataka wasomaji wajue kwamba iko njia ya kuyachoma bila mwali. Hewa hupashwa moto sana na kuchanganywa na gesi zilizokwishaungua, ili oksijeni ipungue. Mafuta yakiingia humo huwaka yenyewe, na joto huenea chumba kizima karibu sawasawa. Ndani ya mwali wa kawaida kuna sehemu zenye joto kali mno, na hapo ndipo nitrojeni na oksijeni za hewani huungana zikawa oksidi zinazoumiza mapafu. Matanuri ya viwanda Ujerumani na Japani yanaitumia njia hii tangu miaka ya 1990.

Kwenye ndege kazi ni ngumu zaidi: chumba cha kuchomea ni kidogo, na injini hupanda na kushuka nguvu. Wala hewa ukaa haipungui, maana mafuta ni yaleyale. Lakini kwetu majirani mapafu ndiyo hoja. Nakiomba Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na wizara inayohusika wapime hewa ya Kiembesamaki na Kisauni, na matokeo yatangazwe hadharani.

Mkaazi wa Kiembesamaki,
Unguja