Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ushindani: "Endelea" ni kuendelea wapi?

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka Tanga. Nakuandikia kwa sababu ya neno moja: "Endelea".

Mama yangu namlipia kifurushi cha kutazama tamthilia mtandaoni, na kadi yangu ya benki imehifadhiwa humo. Mwezi uliopita, tamthilia imekolea, kioo kikafunikwa na tangazo: "Boresha ufurahie zaidi." Chini yake kitufe kikubwa cha kijani, "Endelea". Pembeni, kwa maandishi ya kijivu ya kutafutwa kwa miwani, "Labda baadaye". Mama alitaka kuendelea na tamthilia yake, akabonyeza "Endelea". Punde si punde SMS ya benki ikaingia kwenye simu yangu: pesa imekatwa. Kufuatilia, kumbe tumepandishwa hadi kifurushi cha kutazamia vioo vinne kwa wakati mmoja. Nyumbani kwa mama vioo ni viwili, televisheni na kile cha kabati.

Huduma kwa wateja wakanijibu kwamba mteja aliridhia. Aliridhia nini, Ndugu Mkurugenzi? Kwa Kiswahili chetu, ukimwambia mtu "endelea" umemruhusu afanye alichokuwa akifanya. Na hiyo "labda baadaye" nayo si hapana. Mchuuzi akibisha hodi, mama husema "sihitaji, mwanangu", naye hujitwika beseni lake akaenda zake. Tangazo hili haliendi. Tumerudi kifurushi cha zamani, nalo linarudi karibu kila jioni. Mara ya kwanza nilipoliona mimi mwenyewe nilidhani malipo yamegoma, maana halisemi popote kwamba tumeshalipa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa biashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha, na sioni kwa nini iishie kwenye kaunta za Kariakoo. India mwaka 2023 ilitoa mwongozo unaotaja hila 13 za namna hii, na kumganda mteja kwa ombi lilelile ni mojawapo. Huko Marekani, Septemba 2025, Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi ya madai kwamba iliwaingiza watu kwenye huduma ya Prime bila ridhaa yao, kisha ikawawekea vikwazo vya kujitoa.

Siombi mabilioni. Naomba Tume iwaelekeze watoa huduma hawa kwamba tangazo la kupandisha kifurushi litaje kwanza kifurushi ulicho nacho, liseme kwa shilingi utaongezewa kiasi gani, na liwe na "Hapana" ya ukubwa uleule wa kitufe cha kijani. Aliyekwisha kukataa asiulizwe tena kesho yake.

Mama kwa sasa ana njia yake. Likitokea, anainuka, anazima swichi ya ukutani, anahesabu hadi kumi, anawasha upya. Wakati mwingine tamthilia inaanza mwanzo kabisa, anaitazama hivyohivyo.

Wako,
Mlipaji wa kifurushi, Tanga