Tango sio kuburuzana, mhariri

Ndugu mhariri, habari za kazi. Nimesoma makala yenu ya dansi za kigeni, pale kwenye tango ya Argentina mmeandika mwanaume anamburuza mwanamke anakotaka, nikasema hii siiachi ipite maana mi mwenyewe nilianza na mawazo hayohayo yakaniaibisha.

Naishi Berlin, huku tango kila siku ipo. Siku ya kwanza darasani nikamshika dada mmoja nikawa namsukuma kama mkokoteni wa maji, akasimama katikati ya wimbo akaniambia mikono yako naisikia sana, wewe mwenyewe sikusikii. Kumbe ishara inatoka kifuani, unahamisha uzito kabla hujanyanyua mguu, mwenzio vile mmekumbatiana anausikia ule uzito unavyohama ndo naye anaenda. Chukua ocho, zile stepu za kuchora nane sakafuni: unageuza kifua kidogo tu, kifua chake kinakuja na chako, nyonga zinafuata baadaye, anazunguka juu ya mguu mmoja, sasa wewe ukimharakisha kabla hajakusanya miguu akiyumba kosa ni lako sio lake.

Na anayefuata sio gunia jamani. Kazi yake ngumu ni kutobahatisha, wengi wakishazoea kwamba hapa huwa napitisha mguu wa kushoto mbele ya wa kulia basi wanaupitisha hata hujaomba. Akiwa mzuri anaweza kuchelewa makusudi, akachora kaurembo kake na ncha ya kiatu, na wewe kiongozi unasimama unamsubiri amalize, hapo nani anamfuata nani?

Zamani Buenos Aires vijana wa kiume walikuwa wanafanya mazoezi wao kwa wao, unaanza kwa kufuata kwanza ndo baadaye unaongoza. Ticha wetu nae akanipeleka upande wa kufuata wiki tatu, jamaa mmoja akawa ananibana mgongo na kunivuta bega, nikamkumbuka yule dada.

Halafu hata kuombana dansi kwenye tango ni kwa macho, unamtazama kutoka mbali, akikutazama unaashiria na kichwa, akiangalia pembeni yameisha na hakuna aliyejua. Sasa mtu kaanza hivyo atakuja kuburuzwa saa ngapi?

Mkiirekebisha makala naomba na ile picha ya ua mdomoni muitoe, miaka yote hii sijawahi kuona mtu anacheza na ua mdomoni.

Msomaji wenu, Berlin