Mhariri, hobi sio lazima iingize hela

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, naanzaga na michezo, nikitoka hapo naenda ukurasa wa afya, siasa naisoma kama nguvu bado ipo. Leo naandika sababu ya ule ukurasa wa afya wa wiki iliyopita, ule wa mambo ya kufanya ili akili itulie. Kusoma, kuimba, kutembea, bustani, kuchora, yote mmeyataja vizuri na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu upo kwenye aya ya mwisho, pale mwandishi wenu anapomalizia kwamba ukishaipata hobi yako basi igeuze iwe chanzo cha kipato. Hapo nikaliweka gazeti chini kabisa, maana njia hiyo nimeipita na najua inapoishia.

Miaka michache nyuma nilifiwa na mama, na kabla mwaka haujaisha kazi nayo ikaisha. Usiku silali, mchana nimejikunja kitandani simu ipo usoni naipandisha na kuishusha bila kusoma chochote. Kila anayekuja kuniona ananiambia jambo lilelile, tafuta kitu unachokipenda ukifanye utapata nafuu. Sasa nipende nini? Watu hawajui kwamba moja ya dalili kubwa za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ni hiyohiyo ya kupotelewa na hamu, yani vitu ulivyokuwa unavifurahia unaviangalia kama vya mtu mwingine. Kumwambia mtu wa hali ile afanye anachokipenda ni sawa na kumuuliza mwenye mafua makali kama ua linanukia.

Aliyenisaidia ni mshauri mmoja wa kliniki, binti mdogo tu kiumri kuliko mimi. Aliniambia nichukue daftari niandike kitu kimoja na saa ya kukifanya, saa ikifika nakifanya nitake nisitake, kabla na baada najipa maksi za moyo kuanzia 0 mpaka 10. Nikamwambia, "Dada yangu, mi hamu sina." Akanijibu, "Kaka, hamu sijakuuliza, nimekuuliza saa ngapi."

Baadaye nikaja kusoma kumbe halikuwa wazo lake la kubuni, ni matibabu kabisa yana historia yake. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, alieleza jinsi sonona inavyojizungusha: mtu anapunguza kufanya mambo, kwa hiyo anapata furaha kidogo, kwa hiyo anapunguza zaidi, mwisho anabaki na kitanda. Wenzake waliofuata wakajenga tiba ya kuuvunja huo mzunguko kwa kuanzia kwenye matendo, hisia zitakuja zenyewe nyuma. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Lancet lilichapa utafiti wa Uingereza wa watu wazima 440 wenye sonona, nusu wakapewa tiba hii ya kurudi kwenye shughuli na nusu wakapewa ile tiba ya mazungumzo ya kubadilisha namna ya kuwaza inayotolewa na wataalamu waliosomea muda mrefu. Matokeo, hii ya shughuli haikuwa nyuma, na ilitolewa na wafanyakazi wa ngazi ya chini ambao kuwafundisha ni gharama ndogo. Mi nikiwa mhariri hiyo ndo ningeiweka kichwa cha habari.

Basi nikaandika kwenye daftari: saa 3 usiku, kuchora, dakika 20. Kwanini kuchora? Sababu penseli ilikuwepo mezani, hakuna sababu nyingine. Nikachora kiatu changu kilichokuwa mlangoni. Kilitoka kama jiwe lenye kamba. Maksi kabla 2, maksi baada 3, na ile moja iliyoongezeka sikuiamini nikadhani najidanganya mwenyewe. Kesho yake tena kiatu, keshokutwa kiatu, sikutaka kujisumbua kutafuta kitu kingine cha kuchora. Wiki ya tatu ikanitokea jambo, niliinua macho nikakuta dakika 40 zimepita na ndani ya hizo 40 sijamuwaza mama wala kodi wala lile kosa nililofanya kazini ambalo nilikuwa nalirudia kichwani kila usiku kama mtu anayehesabu hela ileile akitegemea zitaongezeka.

Nafikiri siri ipo hapo. Kinachoumiza kwenye msongo mara nyingi ni kulizungushazungusha lile tukio hata baada ya kupita, na akili ikiwa haina kazi inalirudia tu. Ukiipa kazi ya mikono inayotaka umakini kidogo, labda kamba hii inapita juu au chini ya ile, inakosa nafasi. Mihaly Csikszentmihalyi, yule mwanasaikolojia aliyechunguza wacheza chesi, wapanda miamba, wacheza dansi na madaktari wa upasuaji, alisema huko kuzama kunakuja pale kazi inapokuwa sio rahisi mno ikakuchosha wala ngumu mno ikakukatisha tamaa. Ndo maana simu haifanyi kazi hiyo japo nayo inakula masaa, kidole tu kinatembea hakuna kinachokudai.

Na wala hauhitaji kipaji. Hili nataka lichapwe kwa herufi kubwa mkiweza. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel cha Marekani walichukua watu wazima 39 wakawapa kalamu za rangi, udongo wa kufinyanga na karatasi za kubandika, dakika 45 fanya unachotaka. Wakapima kotisoli kwenye mate, ile homoni inayopanda mwili ukiwa na msongo. Kwa watu kama robo tatu ilishuka, na waliozoea sanaa hawakuwazidi wale ambao hawajawahi kushika brashi. Utafiti mdogo huo najua, watu 39 hawajai hata basi moja, ila ukiwa mtu wa kuchora viatu kama mawe unaushikilia kwa mikono miwili.

Sasa nije kwenye hela.

Baada ya kama miezi nane viatu vikaanza kufanana na viatu, nikahamia kwenye sura za watu. Shemeji yangu akaliona daftari, akapiga picha kurasa mbili akazirusha kwenye grupu la familia, kwa mapenzi kabisa simlaumu. Kesho yake simu zinaita, naomba unichoree mwanangu siku yake ya kuzaliwa, naomba unichoree bosi wangu anastaafu, nitakulipa. Nikafurahi sana, nani hafurahi, kazi nilikuwa nimepata nyingine lakini mshahara mdogo. Nikafungua ukurasa mtandaoni nikawa naweka picha nahesabu laiki. Ndani ya miezi minne mambo haya yalikuwa yametokea: nachora sura za watu nisiowajua kutoka kwenye picha zilizopigwa vibaya, nina tarehe za kuwasilisha kazi, nina mteja ananiambia pua sio yake, nina mwingine hajalipa, na saa 3 usiku ikifika tumbo linanikaza kama jumapili jioni ukiwaza jumatatu. Kile kitu kimoja kilichokuwa hakinidai kikawa kinanidai kuliko vyote. Nikaacha. Sio nikaacha biashara, nikaacha penseli yenyewe, miezi mitano sikuigusa na usingizi ukaanza kunikimbia tena.

Nikadhani ni uvivu wangu mpaka nilipokutana na ule utafiti wa watoto wa chekechea wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapwa 1973. Walitafuta watoto wanaopenda kuchora wenyewe bila kulazimishwa. Kundi moja wakaahidiwa kabisa, ukichora utapata cheti kina utepe na muhuri wa dhahabu. Kundi la pili wakapewa cheti hichohicho baada ya kuchora lakini bila kuambiwa kabla, kundi la tatu hakuna kitu. Wiki moja mbili baadaye kalamu zikarudishwa darasani na watafiti wakawa wanaangalia tu nani anazifata. Wale walioahidiwa zawadi walizichezea kama nusu ya muda wa wenzao. Kumbe kosa sio zawadi, waliopewa kwa kushtukizwa walikuwa sawa tu, kosa ni kuanza kuchora kwa ajili yake. Nilisoma hiyo nikacheka peke yangu, mtu mzima na familia nimeyumbishwa na cheti chenye utepe.

Mtaniambia Mhariri kwamba hayo ni maneno ya walioshiba, watu wana njaa ya kipato na wewe unawaambia wachore bure. Hapana, sijasema hivo. Kukosa hela nako kunaumiza akili, mi nimekaa bila kazi naijua. Anayetaka kuuza michoro yake auze na Mungu ambariki. Ninachosema, siku ukianza kuuza ujue umepata kazi na umepoteza hobi, kwa hiyo tafuta nyingine ya kuziba lile pengo. Jamaa yangu mmoja anapiga gitaa kwa kulipwa, gitaa ndo mkate wake, na akitaka kupumzika anacheza chesi, vibaya sana, ananifunga mimi tu. Nikamuuliza mbona hujifunzi ukawa mzuri akaniambia nikiwa mzuri nitaanza kuumia nikifungwa.

Hata Winston Churchill, yule wa Uingereza, alianza kupaka rangi mwaka 1915 akiwa na miaka 40, ametoka kupoteza cheo baada ya ule mkosi wa kivita wa Dardanelles kule Uturuki na roho ipo chini. Aliendelea karibu maisha yake yote akaacha picha zaidi ya 500. Najua leo zinagombaniwa minadani, sawa, ila wakati anashika brashi ile mara ya kwanza alikuwa anatafuta pumzi tu.

Kwa wazee ndo kabisa hili la kipato halina kichwa wala miguu. Mwaka 2023 ulitoka uchambuzi wa watu zaidi ya 93,000 wenye miaka 65 kwenda juu kutoka nchi 16, wenye hobi walikuwa na dalili chache za sonona na waliridhika zaidi na maisha yao. Mwenye akili atauliza je ni hobi inaleta afya au wenye afya ndo wanaweza hobi, na swali hilo ni la haki, yawezekana ni vyote viwili. Ila mzee aliyestaafu juzi, ameshusha mzigo wa miaka arobaini, unamwambia bustani yako ifanye mradi. Muacheni amwagilie.

Na kitu kimoja ambacho ukurasa wenu haukukigusa kabisa, hobi haichukui nafasi ya matibabu. Mi wakati nachora viatu nilikuwa nameza vidonge na narudi kliniki kila nikiitwa, penseli peke yake isingenitoa. Mtu akianza kuwaza kujitoa uhai msimpe daftari, msimuache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Kwa sasa nimerudi kwenye saa 3 yangu. Ule ukurasa wa mtandaoni niliufuta, waliokuwa wananidai michoro niliwarudishia hela zao, wawili wakanuna. Daftari jipya linakaa kwenye droo na shemeji anajua haruhusiwi kulifungua, tumecheka tukayamaliza. Nimerudi kwenye viatu pia, sura za watu bado zinanipa kiwewe kidogo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, mkirudia ukurasa ule ile aya ya mwisho itoeni, nafasi yake andikeni ile habari ya saa ngapi. Na kama mtaichapa barua hii najua mtanitafuta mniombe mchoro mmoja wa kuweka pembeni ipendeze. Sitoi.

Msomaji wenu