Barua ya wazi kwa mjomba wangu: Vichwa havikucheza

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na ile dawa ya kuchua inakufaa. Huku sote wazima, watoto wanakusalimu sana.

Ningeweza kuja tukazungumza barazani, na nitakuja. Lakini neno lako la siku ile baada ya sala ya Ijumaa hukuniambia mimi peke yangu. Ulilisema mbele ya wazee wenzako wanne, vikombe vya kahawa mkononi, na wote wakatikisa vichwa kukubali. Kwa hivyo na mimi nakujibu hadharani, kwa adabu zangu zote, ili na wao wasomewe na wajukuu wao. Ulisema kuhusu tamasha letu la filamu fupi za vijana, tunazozionyesha uwanjani kwenye shuka: "Hiyo si senema. Hiyo ni simu kubwa."

Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo wiki mbili sasa. Limeniuma kwa sababu limetoka kwako. Angelisema mwengine ningelipuuza.

Wewe ndiye uliyenifundisha senema ni kitu gani. Nilikuwa na miaka minane au tisa uliponipandisha ngazi zile nyembamba mpaka chumba cha mashine cha jumba la senema, ulikokuwa ukionyesha picha. Joto la mle ndani silisahau, wala harufu ya mafuta na vumbi lililoungua juu ya taa. Mashine mbili zilisimama sambamba, ukanieleza kwa nini ni mbili: riili moja ya mkanda haichukui picha nzima, na inapokaribia kwisha hutokea kitone cha duara kwenye pembe ya juu ya kulia, mara ya kwanza ujiandae, mara ya pili ubadilishe. "Waliokaa chini wasijue," ukasema. Mpaka leo nikitazama picha ya zamani jicho langu huenda lenyewe pembeni kukitafuta kitone kile.

Kisha ukanishusha, tukasimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilitaka kutazama picha, ukanishika bega ukanigeuza kidogo. "Usitazame pazia. Tazama vichwa vya watu. Picha ikilegea, vichwa vinacheza."

Sasa nikusimulie vichwa vya Ng'ambo, mtaani kwetu hapa Unguja, usiku ambao hukuja.

Tamasha letu ni la mtaa, mjomba, halina jina kubwa. Usiku wa Ijumaa na usiku wa Jumamosi, kiwanja cha skuli, mwaka wa tatu huu. Filamu kumi na nne, zote za vijana wasiozidi miaka ishirini na tano, ndefu kuliko zote dakika kumi na mbili. Kijana mmoja wa Wete, Pemba, alipanda boti na filamu yake ndani ya flashi, ameifunga kwenye leso kama anayebeba pete ya posa. Tunaanza baada ya Isha. Mabusati mbele kwa ajili ya watoto, mabenchi ya skuli kwa wakubwa, kina mama upande wa ukutani, na nyuma muuza urojo na muuza mishikaki. Hapana tiketi. Mwenye kiti chake huja nacho.

Filamu ya tano ilikuwa ya binti wa miaka kumi na saba, wa nyumba tatu kutoka kwetu. Inaanza kwa giza tupu. Hakuna picha, kuna sauti tu: mfereji unakohoa. Unaijua sauti ile, hewa inayotangulia maji saa nane ya usiku. Unakohoa, unanyamaza, unakohoa tena. Halafu sauti ya mwanamke kutoka chumbani, ya usingizi: "Yaja?"

Mjomba, kiwanja kizima kikajibu: "Yaja!"

Hakuna aliyewaambia wajibu. Walijibu kwa sababu kila mmoja pale amewahi kuamshwa na sauti ile, na hakuwahi hata siku moja kuisikia kwenye picha. Tumekua na picha za Bombay, tumelia na Raj Kapoor, bibi alikuwa na nyimbo zake zote kichwani tangu zile siku za maonyesho ya wanawake peke yao. Sina ugomvi na picha hizo, ni zetu nazo. Lakini mfereji wa Ng'ambo haukuwamo.

Kisha taa ya simu inawaka, tunaziona ndoo na madumu yamepangwa, na binti amekaa juu ya dumu lililofunikwa, daftari mapajani. Asubuhi ana mtihani. Anasoma mstari mmoja, anageuza kichwa kutazama ndoo. Maji ni uzi mwembamba. Anasinzia, anaamshwa na ukimya, maji yamekatika. Anaifunika ndoo ya mwisho. Mwisho wa filamu. Dakika sita na sekunde kidogo.

Nilisimama nyuma, pale ambapo wewe ungesimama. Nilivitazama vichwa. Havikucheza. Hata vitoto vya mabusatini, vinavyopigana tangu Magharibi, vilitulia. Taa zilipowashwa mama wa makamo akanyanyua mkono, akauliza swali moja tu: "Ndoo ya mwisho ilijaa?" Binti akasema, "Haikujaa." Watu wakapiga makofi kama waliopokea habari ya jamaa yao. Mama yake alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kanga, akilia.

Hiyo si simu kubwa, mjomba wangu. Binti yule ile filamu alikuwa nayo kwenye simu miezi mitatu, ameionyesha kwa mashoga zake mmoja mmoja, nao wakasema nzuri, wakaendelea na yao. Kilichotokea kiwanjani kilihitaji watu mia mbili gizani kwa wakati mmoja. Nani anajua hilo kuliko wewe?

Mzee mwenzako mmoja alisema pia kwamba dakika sita si picha, ni tangazo. Mpelekee salamu zangu na umwambie hivi. Siku senema ilipoonyeshwa Paris kwa watu waliolipa kiingilio, tarehe 28 Disemba 1895, ndugu wawili wa Lumière walikuwa na filamu kumi, na hakuna hata moja iliyozidi dakika moja. Senema ilizaliwa fupi. Na Afrika yetu hii, Ousmane Sembène wa Senegal alipoanza mwaka 1963 alianza na dakika kama ishirini, za mwenye gari la farasi mjini Dakar na siku yake moja ya kutafuta riziki. Mtu na kazi yake na udhalimu uliomkuta, basi, na mpaka leo wanaosomea kazi hii wanarudi kuitazama. Hata Amil Shivji, ambaye mwaka 2021 aliipeleka Vuta N'kuvute ya Adam Shafi mpaka tamasha la Toronto, na wewe mwenyewe ulifurahi kusikia Unguja imefika huko, alipitia kwanza filamu fupi. Watu hujifunzia hapo. Na wengine hubaki hapo kwa hiari, kama mshairi aliyeridhika na beti tatu.

Najua unalolilia. Unalilia majumba. Pale Vuga palikuwa na jumba la senema tangu 1921, likaungua, na Majestik ikainuka pahala pake mwaka 1955. Empire ya Darajani imeishia kuwa duka. Nakuona unavyopita pale ukageuza uso upande wa pili. Sitaki kukwambia yasahau. Ningependa siku moja nikae tena kwenye kiti cha kukunja, feni juu, pazia lifunguke polepole. Lakini watoto hawa walizaliwa majumba yameshafungwa. Hawakuyafunga wao. Wamekuta uwanja na ukuta na shuka, wakaanza na walichokikuta.

Kuna na wanaouliza, tamasha la nini tena na ZIFF, lile tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, ipo? Ipo, na namshukuru Mungu kwa kuwepo kwake. Tangu 1998 imetuletea picha za nchi za jahazi, hizi za Bahari ya Hindi, na kwengineko pale Ngome Kongwe, na imetoka nje ya mji pia kwenda kuonyesha vijijini, Unguja na Pemba. Mimi mwenyewe niliketi kwenye ngazi zile za mawe nikaona picha ambazo nisingeziona popote. Lakini filamu ya mtoto wa miaka kumi na saba, ya kwanza katika maisha yake, inataka pahala pake pa kuanguka na kuinuka kabla ya kusimama mbele ya dunia. Na yule mama aliyeuliza habari ya ndoo hashuki Forodhani usiku. Ana wajukuu, ana miguu mibovu, ana unga wa maandazi wa kuumua. Kwetu alitembea hatua mia.

Sasa nije kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Nilikwambia ya filamu ya tano. Ya filamu ya tisa sikukwambia.

Ya tisa ilikuwa ya kijana anayesaidia kwenye duka la simu. Alirikodi mazungumzo ya wazee wawili wavuvi kuhusu bahari ya zamani na ya sasa, dakika nane, ameyahariri usiku kwa miezi. Nimeyasikiliza kwa vipokea sauti vyake: kila neno linasikika, mpaka kiberiti kinavyowashwa. Tukaiweka. Kwenye kiwanja hapakusikika kitu. Midomo ya wazee inachezacheza, na kutoka kwenye spika ni uvumi tu, kama bahari yenyewe imewafunika. Hatukuwa tumeijaribu. Hakuna aliyewahi kuisikia nje ya masikio yake mwenyewe. Hapo hapo upepo wa kusi ukaingia nyuma ya shuka, likafura kama tanga, na uso wa mzee ukapinda, pua huku, jicho kule. Watoto wakacheka. Vichwa vikaanza kucheza, mjomba. Mmoja, wanne, benchi nzima. Watu wakainuka kwenda kununua urojo.

Yule kijana nilimkuta nyuma ya mwembe, amechuchumaa, simu imezimwa mkononi. Sikuwa na la kumwambia. Filamu yake ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa letu sisi tuliomwalika.

Siku hiyo ndipo nilipofahamu upungufu wetu. Vijana hawa wanajua kupiga picha, wanajua kuhariri, na vifaa wanavifahamu kuliko mimi. Kuonyesha hawajui, na hapana aliyewafundisha, kwani wameshazoea kwamba ukishabonyeza kutuma, kazi imekwisha. Wewe ulifanya kazi miaka karibu ishirini na jina lako halikuandikwa kwenye picha hata moja. Ulikuwa ukifika saa mbili kabla ya watu. Ulitembea mstari kwa mstari, ukakaa kiti cha pembeni, ukakaa cha nyuma, ukapiga makofi kusikiliza ukumbi unavyorudisha sauti. Ulinambia ukumbi mtupu na ukumbi uliojaa ni vitu viwili, watu hunywa sauti. Ulijua ni wakati gani wa kuzima taa, ukazizima polepole ili watu wanyamaze wenyewe. Siku picha ilipogawanwa na jumba jengine na mtoto wa baskeli akachelewa na riili, ulikuwa na sahani ya santuri tayari, watu wakaimba badala ya kuzomea.

Haya yote yamo kichwani mwako, na umekaa nayo barazani.

Kwa hivyo sikuombi uje kututazama, mjomba. Nakuomba uje kufanya kazi. Tuna mikutano ya matayarisho kila Jumapili baada ya Alasiri, darasa la mwisho upande wa mwembe. Vijana tisa. Nimewahadithia habari ya kitone cha duara, na yule wa filamu ya wavuvi akauliza maswali mpaka Magharibi ikaadhiniwa. Ameshatengeneza sauti upya, anataka kuionyesha tena kwenye tamasha lijalo, lakini hataki kuigusa projekta mpaka kuwe na mtu wa kumsimamia. Alisema hivyo hivyo, "mtu wa kunisimamia." Nikanyamaza, kwa sababu sikuwa nimekuuliza.

Goti nimelifikiria. Mkwe wako ana gari siku hizo na atakupitia. Hakuna ngazi, darasa ni la chini. Kiti tutaweka cha mgongo, si benchi. Na kama hutaki kusema na vijana, usiseme nao, kaa tu nyuma uvitazame vichwa, kisha utwambie mimi na yule kijana wa wavuvi tulipokosea.

Shangazi ametupa mashuka mawili mapya ya marekani, meupe, mazito. Nimeyashona pamoja kwa mkono na kuacha pindo pana pande zote nne, nikikumbuka pazia la jumba lenu lilivyokuwa limekazwa kama ngozi ya ngoma. Juu tutapitisha ufito wa mkandaa. Chini sijui. Ukiweka mawe, kusi inayanyanyua. Ukifunga kamba kwenye vigingi, shuka linavutika katikati na picha inaingia tumbo. Nyinyi mlilikazaje?

Mpwa wako akupendaye.