Shangazi, nilimwambia kaka nimefaulu

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu kutoka Busia, upande wa Uganda. Mimi ni nesi wa diploma, nina miaka 33 na binti mmoja wa darasa la pili, na nafanya kazi katika kliniki ya mtu binafsi si mbali na mpaka. Nililelewa kambini Jinja, baba alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo ukiona Kiswahili changu kinapiga kwata mahali fulani unisamehe. Barua hii nimeianza mara tatu na kuifuta. Leo niko zamu ya usiku, wodi imetulia, wagonjwa ni wanne tu, na nimejiapiza kwamba hakuchi kabla sijaituma.

Nimefeli NCLEX mara nne. Huo ndio mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani. Bila huo, hata uwe umezalisha nusu ya wilaya, kule hushiki sindano. Lakini kufeli kwenyewe nimeshakuzoea. Kinachoninyima usingizi ni kwamba kaka yangu anajua nimefaulu.

Kaka naye ni mwanajeshi, alimfuata baba. Yuko Mogadishu na kikosi cha kulinda amani, na posho ya huko ndiyo iliyonilipia kila kitu: kukaguliwa vyeti, maombi ya jimbo la New York, pasipoti, vitabu. Ada ya mtihani peke yake ni dola 200, na sisi tunaoufanyia nje ya Marekani tunaongezewa dola 150 juu yake. Kwa shilingi zetu ni kama milioni moja na robo, na ukifeli unalipa upya. Mimi kwa mwezi napata laki sita. Hesabu hiyo unaweza kuimaliza mwenyewe.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2024. Nilipanda basi la usiku, nikashuka Nairobi alfajiri kwenye baridi, nikanawia uso choo cha kulipia. Kituoni walinipiga picha, wakaniwekesha kiganja juu ya kimashine kinachosoma mishipa ya damu, wakanitaka nigeuze mifuko nje kama mtu aliyekamatwa na magendo (sisi wa Busia tunakujua kukaguliwa huko). Saa tano za mtihani, maswali si chini ya 85 wala si zaidi ya 150. Kompyuta inakupima unavyokwenda: ukipata, linalofuata ni gumu zaidi, ukikosa, inakushusha. Mimi ilinizimikia swali la 85. Kwenye kundi letu la simu watu wote huapa kwamba ukizimiwa 85 umepita. Nilitoka nikicheka peke yangu barabarani, nikampigia kaka hapo hapo, nikamwambia, "Kaka, naona imekubali."

Haikukubali. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mashine huacha kuuliza inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari, au kwamba uko chini. Mimi ilinijua mapema, basi.

Kaka hakugomba. Alisema, "Vita si siku moja," akatuma tena. Mara ya pili nilifika mpaka 150, kichwa kinawaka, nikafeli. Kabla ya mara ya tatu nilifanya jambo la kipumbavu: nililipa laki tatu kwa mtu wa mtandaoni aliyedai anayo maswali yenyewe ya mtihani. Sikukutana na hata moja, na nashukuru, maana ningekamatwa nayo ningefungiwa milango yote. Hilo tuliache.

Matokeo ya tatu yalinifikia siku ya Ijumaa. Kaka hupiga simu Ijumaa, baada ya sala. Nilikuwa nimesimama uani nyuma ya kliniki, mkononi nina ndoo ya mashuka yenye damu, simu nimeibana kwa bega. Akaniuliza, "Vipi majibu, mdogo wangu?" Nyuma yake nikasikia wenzake wanacheka, mmoja akapaza sauti, "Mwulize, tukachinje mbuzi?" Shangazi, sijui hata neno lenyewe lilitokaje. Nilisema, "Nimepita, kaka."

Nilijiambia nitarudia baada ya zile siku 45 za lazima, nitafaulu, na uongo utageuka kweli kabla mtu hajaugusa. Kaka akampigia mama. Mama akaita majirani pale Walukuba, Jinja, wakasoma dua, akapika pilau. Nilikula pilau ile. Nikarudi Busia nikakopa SACCO bila kumwambia mtu, nikafanya mara ya nne Mei 2025, na nikafeli.

Sasa uongo unajiendesha wenyewe, maana umepata mahali pazuri pa kujificha. Foleni ya viza za manesi kwenda Marekani ni ya kweli, mtu aliyefaulu kihalali anaweza kungoja miaka. Kila kaka akiuliza, nasema, "Bado viza." Naye ananipa pole! Mwezi uliopita aliniambia kuwa amewaomba wazee wa mchumba wake wavumilie kuhusu mahari, kwa sababu pesa iliyopo anaihifadhi iwe tiketi yangu na kianzio cha huko. Msichana wa watu anasubiri viza ambayo haijaombwa na mtu yeyote.

Hapo ndipo nilipoacha kulala. Usiku mmoja, binti yangu akiwa amelala, nilitoa chini ya godoro zile ripoti nne. Ukifeli hawakupi alama, wanakuletea karatasi inayosema kwa kila eneo la mtihani kama ulikuwa juu ya kiwango, karibu nacho, au chini yake. Maeneo yako manane. Sikuwahi kuzisoma. Nilikuwa naona neno la kufeli, naikunja, naisukuma chini ya godoro. Safari hii nilizipanga kitandani, moja kando ya nyingine, nikamulika na simu maana umeme ulikuwa umekatika.

Dawa: mara ya kwanza chini, ya pili karibu, ya tatu juu, ya nne juu. Haya. Magonjwa ya mwili: juu. Kinga ya maambukizo: karibu, karibu, juu, juu. Kisha nikafika kwenye usimamizi wa huduma, yaani nani aonwe kwanza, kazi ipi apewe nani. Chini, chini, chini, chini.

Nilikaa sakafuni. Miaka miwili nimekuwa nikisoma dawa! Nina daftari tatu za dawa, zimepigwa rangi ya njano na ya waridi, nimekariri kwamba paracetamol yetu wao huiita acetaminophen, salbutamol ni albuterol, adrenalini ni epinephrine. Nilikuwa narudia ninachokijua kwa sababu kilinifariji. Lile eneo lingine nililiona kama porojo za kiofisi, la kusoma siku moja kabla.

Na nikwambie kwa nini linanishinda. Mtihani ule unaulizia wodi ambayo sijawahi kusimama ndani yake. Kule kuna nesi mwenye leseni kamili, chini yake nesi wa ngazi ya pili, chini yake wasaidizi, na kila mmoja ana mpaka wake. Tathmini ya kwanza ya mgonjwa humwachii msaidizi, wala mafundisho ya mgonjwa, lakini kumlisha aliyetulia au kumpima presha unaweza. Mimi hapa usiku ni nesi, mfamasia na karani, na mbwa akibweka getini mimi ndiye askari. Swali linauliza: utampa nani kazi ya kumlisha mgonjwa huyu? Kichwani mwangu jibu linakuja mara moja: mama yake mzazi, si yuko pale chini ya kitanda amelala kwenye mkeka? Kwenye majibu manne, mama mzazi hayumo.

Lingine nililifanyia mazoezi wiki iliyopita. Wagonjwa wanne, utamwona nani kwanza. Mmoja ana maumivu nane kwa kumi baada ya upasuaji, analia. Mwingine ni mzee aliyekuwa mzima jioni, sasa hajui yuko wapi. Nilichagua anayelia. Kosa, ni mzee, maana akili iliyovurugika ghafla huenda ni hewa, au sukari, au damu haifiki. Nilipoyasoma maelezo nilitaka kujizaba kofi. Mwezi wa tano nilikuwa na watoto watatu wa malaria kali kwa pamoja, wawili wanapiga mayowe, mmoja kimya. Nilimkimbilia yule wa kimya. Hakuna aliyenifundisha siku hiyo, mikono ilikwenda yenyewe. Nikapima sukari, ilikuwa chini kabisa, nikamtundikia dekstrozi, na kabla ya alfajiri akaomba uji. Kumbe ninalijua. Nikikaa mbele ya kompyuta ninalisahau, naanza kutafuta jibu daftarini badala ya kumtazama mgonjwa aliyeandikwa pale.

Kwa hiyo nimeanza kusoma upya, Shangazi, na safari hii kwa namna nyingine. Naamka saa kumi alfajiri siku zisizo za zamu. Maswali arobaini, si zaidi, na kila nililokosa naandika kwa Kiswahili kwa nini nilikosa, kama namweleza mwanafunzi. (Kwa Kiingereza najidanganya, naandika maneno makubwa nisiyoyaelewa.) Kuna dada mmoja wa Nairobi aliyefaulu mara ya tano, tunasomeshana kwa simu Jumapili. Yeye ndiye anayenizuia nisikimbilie majibu. Huniuliza, "Huyo mgonjwa, ukimwacha dakika kumi, atakuwaje?" Daftari za dawa nimempa binti yangu, anachorea maua.

Nimeona mabadiliko, sitaficha. Lakini siwezi kukuahidi kwamba nitafaulu. Na pesa ya mara ya tano sina. Deni la SACCO bado, nimelipa chini ya nusu.

Hapa ndipo ninapotaka unisaidie. Kaka anarudi mwisho wa mwaka. Moyo mmoja unasema nikae kimya, nibane, niuze cherehani yangu, nifanye mtihani kabla hajatua, nikifaulu hakuna atakayejua na mahari italipwa kwa furaha. Moyo mwingine unaniuliza: na nikifeli? Nitamtazamaje mtu aliyelala kwenye mahandaki ili mimi nisome? Nikimwambia sasa, akiwa kule na bunduki, naogopa kumvuruga akili mahali ambapo mtu hatakiwi kuvurugwa akili. Mama ana presha. Na yule mchumba, ambaye hata hanijui vizuri, ndiye ninayemwonea haya kuliko wote.

Rafiki yangu mmoja hapa kliniki, nilipomdokezea, alisema niache kabisa habari za Marekani, nibaki nitulie. Labda ana haki. Lakini nilimwuliza mwenyewe alishafika ukurasa wa mwisho wa jambo lolote, akanuna, hatujasemeshana siku mbili.

Sitaki uniambie kama nina akili za kufaulu au sina, hilo nitalijua Nairobi. Niambie tu, namwambia kaka lini na kwa mdomo gani? Nimwandikie, au nimwambie kwa sauti? Nimwombe azirudishe pesa za tiketi kwenye mahari kwanza, ndipo nimweleze sababu, au nianze na sababu? Na je, ni haki kumwomba mtu uliyemdanganya akuache ujaribu tena, hata kama safari hii hutaki senti yake?

Kumekaribia kupambazuka, mgonjwa wa kitanda cha tatu ameanza kukohoa. Leo ni Jumatano. Ijumaa baada ya sala simu italia.

Ni mimi,
Nesi wa Busia