Majina ya kisayansi ya mimea na samaki wetu

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa kilimo uliuita mkarafuu «Eugenia Caryophyllata». Hamko peke yenu. Mabango kadhaa ya mashamba ya viungo wanakotembezwa wageni yameandikwa vivyo hivyo. Lakini jina hilo lina kasoro mbili: limekwishaachwa, tena limeandikwa visivyo.

Jina la kisayansi ni maneno mawili. La kwanza ni la jenasi, yaani kundi la spishi (aina) zinazokaribiana, nalo huanza kwa herufi kubwa. La pili huanza kwa herufi ndogo daima, hata likitokana na jina la mtu au la kisiwa. Yote mawili huchapwa kwa herufi za mlazo, na anayeandika kwa mkono huyapigia mstari chini. Mkarafuu leo ni *Syzygium aromaticum* (L.) Merr. & L.M.Perry. Hiyo L. ni Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliyeuita *Caryophyllus aromaticus* mwaka 1753. Wataalamu wenzake wa baadaye, Merrill na Perry, waliuhamishia jenasi ya *Syzygium* mwaka 1939. Kwa mimea, aliyetoa neno la pili hukaa ndani ya mabano, na aliyehamisha hufuata nje. Mabano yakiondolewa, historia yote hiyo inapotea. Kwa makala ya gazeti majina ya watunzi si lazima, ila mkiyaweka, yawekeni kama yalivyo.

Msomaji makini ameona kwamba *aromaticus* imegeuka *aromaticum*. Kilatini nacho kina upatanisho, kama vile sisi tusemavyo mti mzuri lakini kitabu kizuri. Jina la jenasi likibadilika jinsi, yaani la kiume likiwa la kike au lisilo na jinsi, neno la sifa nalo hufuata. Mfano wa nyumbani ni mpapindi, mti wa jamii ya minazi, wa msitu wa Ngezi, Pemba. Mwaka 1962 mtaalamu wa mimea Moore aliuita *Chrysalidocarpus pembanus*. Mwaka 1995 ukahamishiwa *Dypsis*, ambayo kwa Kilatini ni ya kike, ukawa *Dypsis pembana*. Baadaye vinasaba vikaonyesha kwamba *Dypsis* ile pana ilikuwa imekusanya mimea isiyo ya ukoo mmoja, na mwaka 2022 jina la kwanza likarudishwa, pamoja na mwisho wake wa -us. Kwa hiyo anayetafuta maandishi kuhusu mti huu atafute kwa majina yote mawili, la sivyo atakosa miaka karibu thelathini ya habari zake. Na anayeandika «Dypsis pembanus» amechanganya koti la huyu na kofia ya yule.

Mtasema: si bora tuandike Kiswahili tu? Kiswahili kwanza, naam, lakini hakitoshi peke yake. Chukueni dagaa. Wengi wa wale wanaochemshwa na kuanikwa Unguja ni wa jenasi *Stolephorus* na *Encrasicholina*. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni *Stolothrissa tanganicae* na *Limnothrissa miodon*, wa oda moja (kundi kubwa lenye familia kadhaa) na hao wa kwetu, lakini familia nyingine (kundi lenye jenasi kadhaa). Dagaa wa Ziwa Viktoria, *Rastrineobola argentea*, hata oda si moja. Mkichapa kwamba «dagaa huzaa mwezi fulani» bila kutaja ni yupi, mvuvi wa Mangapwani anaweza kuwa anasoma habari za samaki asiyemjua kabisa.

Kwenye mwani mambo ni magumu zaidi, kwa sababu wanunuzi wametuachia maneno ya Kilatini nusu nusu. «Spinosum» ya pwani ni *Eucheuma denticulatum*. «Cottonii», yenye bei nzuri na inayokufa upesi maji yakipata joto, ni *Kappaphycus alvarezii*. Hapo pana mtego: ipo pia *Kappaphycus cottonii*, nayo ni spishi nyingine. Mwandishi anayesikia «cottonii» kwa mkulima wa Paje, kisha akatafuta jina linalofanana na hilo, ataangukia spishi isiyo yake.

Utaratibu wa kufuata ni mwepesi. Panapotajwa mara ya kwanza, andikeni jina la Kiswahili, kisha la kisayansi kwa ukamilifu: mkarafuu, *Syzygium aromaticum*. Baadaye *S. aromaticum* inatosha, isipokuwa kama makala ina jenasi nyingine inayoanza na S. Kama spishi haijulikani, andikeni *Stolephorus* sp.; hiyo «sp.» hailazwi.

Na kama mti haujulikani, msikisie kwa picha ya simu; kausheni sampuli ya kumwonyesha mtaalamu. Kata tawi lenye majani pamoja na ua au tunda. Majani peke yake mara nyingi hayatoshi. Tawi hilo lisizidi ukubwa wa karatasi ya takriban sentimita 42 kwa 28. Geuza jani moja lionyeshe mgongo. Lilaze kati ya magazeti, kaza kwa mbao mbili na kamba, na badilisha magazeti kila siku. Wakati wa masika ukisahau siku mbili tu, ukungu umeshaingia. Andika papo hapo mahali, tarehe, urefu wa mti, jina la wenyeji, na rangi ya ua, kwa sababu rangi ndiyo ya mwanzo kupotea. Gazeti lenu la kawaida linanyonya maji vizuri sana. Toleo la sikukuu, lile la karatasi ya kung'aa, halinyonyi kitu.

Wenu,
Mwalimu wa bayolojia,
Wete, Pemba