Kuhusu uzuri wa sura za wahusika wako

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Nimeisoma barua yako pamoja na rasimu ya kanuni unazokusudia kuzitumia utakapoanza kuendesha mchezo wako mwenyewe wa kuigiza, ule wa mezani ambamo kila mchezaji huwa na mhusika wake na mwendeshaji huwaigiza wengine wote, nami nimeridhika nazo karibu zote, isipokuwa pale unapopendekeza sifa ya saba, yaani uzuri wa sura, ambayo kila mchezaji ataipata kwa kurusha dadu tatu kama apatavyo nguvu na akili. Hiyo ningeiacha.

Wazo hilo lilikwisha kujaribiwa katika michezo ya aina hii. Dungeons & Dragons ilipotoka Marekani mwaka 1974 ilikuwa na sifa sita, na mojawapo ni haiba, ambayo wachezaji wengi waliichanganya na urembo. Mwaka 1985, katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Unearthed Arcana, Gary Gygax, mmoja wa watungaji wa mchezo huo, alizitenganisha: haiba ikabaki kuwa uwezo wa kuongoza na kushawishi, na uzuri wa sura ukapewa alama zake, zilizotokana na dadu tatu na kurekebishwa kwa kiwango cha haiba. Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kazi ambayo alama hizo zilipewa, kwa kuwa mhusika mwenye uzuri uliopita kiasi aliweza kumpumbaza mtu mwenye hekima ndogo mithili ya aliyerogwa. Fikiria mchezaji ameketi mezani, na mara anaambiwa kwamba mhusika wake amekufa ameoza kwa mtu aliyemwona sasa hivi, wala yeye hakuulizwa. Katika michezo hii mchezaji hana mali nyingine zaidi ya maamuzi ya mhusika wake; ukimpokonya hayo kwa sababu ya sura ya mtu, umemwachia nini?

Kisha kuna suala la nani anayetazama. Wazee walisema ukipenda, chongo huita kengeza, lakini namba moja iliyoandikwa kwenye karatasi ya mhusika humfanya awe mzuri kwa kipimo kilekile mbele ya kila jicho. Walioliona hilo vizuri, kwa maoni yangu, ni watungaji wa GURPS, mchezo wa Steve Jackson uliotoka mwaka 1986. Humo uzuri haurushiwi dadu bali hununuliwa kwa pointi, na faida yake huonekana pale tu mwendesha mchezo anapopima jinsi wahusika wake yeye wanavyompokea mgeni. Katika toleo la nne, la mwaka 2004, mrembo wa daraja la pointi 12 huongezewa 4 kwa wale wanaovutiwa na jinsia yake, na 2 tu kwa wengine wote. Hesabu hiyo bado ni ya jumla mno, ila angalau inamkumbuka mtazamaji.

Wengine wameachana na sifa hiyo hatua kwa hatua. Vampire: The Masquerade ya mwaka 1991 iliweka sura miongoni mwa sifa tatu za kijamii, na ukoo wa Nosferatu, wanyonya damu wenye sura za kutisha, ukapewa sifuri; lakini katika toleo la mwaka 2018 nafasi hiyo imechukuliwa na utulivu wa nafsi, na urembo au ubaya wa sura umehamishiwa kwenye orodha ya mambo ambayo mchezaji huchagua mwenyewe. Cyberpunk nayo iliifuta katika toleo lake liitwalo Cyberpunk RED, la mwaka 2020. Call of Cthulhu bado inayo, na huko sioni vibaya, kwani wahusika wake ni watu wa kawaida ambao dadu huwapa mema na mabaya bila upendeleo.

Kwako ningeshauri kila mchezaji aandike sentensi moja tu: mgeni akikutana na mhusika huyu, ataona nini kwanza? Mmoja ataandika mwanya, mwingine kovu la shavuni, mwingine mwendo wa kujivuna. Wewe ndiye utakayeamua karani wa bandarini anasisimkwa na nini na mjane wa mfanyabiashara anachukizwa na nini. Anayetaka uzuri uwe silaha yake, mwache aulipie, na umkumbushe kwamba uso usiosahaulika ni mzigo siku ya kujificha sokoni.

Jambo la mwisho linakuhusu wewe zaidi kuliko kanuni. Katika rasimu yako wanaume wametajwa kwa kazi na tabia zao, ilhali wanawake karibu wote wametajwa kwa maumbile. Binamu yako na rafiki zake watakaa kwenye meza hiyo, na wataligundua kabla ya chai kuisha. Mwambie kila mmoja mapema kama mapenzi yatakuwamo mchezoni, na uweke katikati ya meza ile kadi yenye alama ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos, ambayo yeyote akiigusa, jambo linaloendelea huondolewa bila maelezo kudaiwa. Ukimaliza kuzirekebisha kurasa za mji wa bandari, nitumie nizisome tena kabla hujawaita wachezaji.

Wako,
Idi